Mtihani wa Akili na Nyumba Atokayo Mtoto

Msomaji, huenda umepata kusikia ya kwamba mtoto fulani ni mjinga kwa kuwa amezaliwa na wajinga. Neno hili liliwahi kusemwa juu ya Waafrika wote. Katika miaka ya 1930 Daktari H. L. Gordon, wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, alidai ya kwamba ubongo wa Mwafrika una upungufu tangu kuzaliwa. Dai hilo liliwafaa walowezi, maana kama mtoto hafundishiki, ya nini kumjengea shule?

Miaka ya 1970 wataalamu wawili wa Marekani, Sara Harkness na Charles Super, walikaa kwetu Wakipsigis, mahali walipopaita Kokwet. Waliwasimulia watoto hadithi fupi, kisha wakawataka waisimulie tena. Wengi wa wale wadogo walinyamaza kimya. Je, hawakuwa na akili? Watoto hao hao nyumbani walitumwa wakatumika, wakachunga ng'ombe na kuwalea wadogo zao. Walifunzwa kusikiliza na kutenda. Kusema sana mbele ya mtu mzima wasiyemzoea hawakufunzwa, na pengine wangehesabiwa kuwa hawana adabu. Lugha yetu yenyewe hutenga mambo haya: ng'om en ga ni mwerevu wa nyumbani, ng'om en sukul ni mwerevu wa shuleni. Katika njia za mashamba ya chai hapa Mogogosiek wote wawili hupita kila asubuhi, na mara nyingi ni mtoto mmoja.

Ushahidi mzito zaidi umetoka Embu. Mwaka 1984 watoto wa huko, wa miaka saba hivi, walipewa mtihani wa Raven, ambao hautaki kusoma: mtoto huchagua kipande kinachokamilisha mchoro. Mwaka 1998 walipimwa wengine wa umri ule ule, na alama zikawa zimepanda sana. Miaka 14 haitoshi kubadili damu ya watu. Nyumba ndizo zilizobadilika: wazazi wengi zaidi walijua kusoma, idadi ya watoto katika jamaa ilipungua, chakula na afya vikawa bora.

Chakula kilijaribiwa peke yake. Kuanzia mwaka 1998, shule 12 za Embu ziligawanywa. Nyingine zilipewa githeri yenye nyama, nyingine githeri na maziwa, nyingine githeri iliyoongezwa mafuta, na nyingine hazikupewa kitu. Katika mtihani ule ule wa Raven, watoto waliokula nyama waliendelea kuliko wenzao wote.