Cha Kulimia

Bibi yangu hakuwahi kutundika kalenda ukutani. Aliishi Mlali, upande wa milima ya Uluguru usiopendelewa na mvua. Mawingu ya Bahari ya Hindi hushusha mzigo wao mashariki, Kinole na Matombo. Yakivuka mlima kuja kwetu huwa yamebaki matupu. Ukiwahi kupanda, mbegu inaungua. Ukichelewa, mahindi yanakosa maji yakiwa yanabeba. Basi jioni za Novemba, tukishakula, bibi alitoa kigoda uani akaukodolea macho mlima. Kile kishada cha nyota kikichomoza, alisema tu, "Kilimia hicho. Noeni majembe."

Jina lenyewe limebeba jembe: Kilimia, cha kulimia. Wazee wa pwani nao walikuwa na hesabu yake: kikizama wakati wa mvua huibuka wakati wa jua, na kikizama wakati wa jua huibuka na mvua. Nilipokuwa mwalimu wa jiografia niliifuatilia, nikaona haidanganyi. Mapema Mei, masika yakielekea ukingoni, Kilimia huzama pamoja na jua upande wa mbuga ya Mkata, kikapotea mwezi hivi. Juni hurudi alfajiri juu ya mlima, kipupwe kimeshaingia. Novemba kinazama alfajiri na kuchomoza jioni, vuli ikibisha hodi.

Nilimkumbuka bibi, na elimu yake isiyoandikwa, niliposoma habari za rongorongo, maandishi ya Rapa Nui, Kisiwa cha Pasaka. Ni safu za ndege, samaki na watu zilizochongwa kwenye vibao. Kila ukimaliza mstari unakigeuza kibao juu chini. Miaka ya 1862 na 1863 wafanyabiashara wa utumwa kutoka Peru walichukua zaidi ya watu 1,000, wajuzi wa kuvisoma wakiwemo. Vimebaki vitu kama ishirini na vitano tu vyenye maandishi hayo, na hakuna awezaye kuvisoma.

Ila kipande kimoja kimefumbuka kidogo. Mwaka 1958 Mjerumani Thomas Barthel alionyesha kuwa kwenye kibao kiitwacho Mamari hilali zilizojipanga ni kalenda ya mwezi, usiku baada ya usiku. Alijuaje? Tangu 1886 wageni walikuwa wameandika majina ya usiku wa mwezi kutoka vinywani mwa wenyeji. Mti ulikuwa bubu. Vinywa ndivyo vilivyousemea. Wengine wamedai kuona nyota na misimu katika vibao vilivyobaki, lakini hakuna tafsiri yao iliyokubaliwa na wengi.

Wamaori wa New Zealand, ndugu wa watu wa Rapa Nui, hukiita Kilimia Matariki. Kikirudi alfajiri, karibu na siku zile zile kinaporudi juu ya mlima wetu, wao huuanza mwaka, na tangu 2022 ni sikukuu ya taifa. Jina lao limepata siku ya mapumziko. Letu halikuchongwa popote. Liliishi kwenye kigoda cha uani.

Mwaka wangu wa mwisho kazini niliuliza darasa mjini Morogoro: Kilimia ni nini? Kijana mmoja wa nyuma akajibu, labda ni idara ya kilimo. Wenzake wakacheka. Mimi nilimpa nusu ya alama.