Mistari miwili iliyofutwa Debian

Wasee, Debian ni Linux inayoundwa na watu wa kujitolea tangu 1993, na wana kitabu cha sheria. Ndani yake kuna "lazima" na kuna "inafaa". Ukivunja "lazima", kifurushi chako kinaweza kuachwa nje ya toleo jipya. Kwa "inafaa", umeachiwa akili yako.

Sasa rudi 2006. Mtunzaji wa kifurushi cha OpenSSL, programu inayotengeneza funguo za siri, aliona Valgrind, chombo cha kusaka makosa, kikilalamikia mistari miwili ya msimbo. Hakukurupuka. Aliwauliza watu wa OpenSSL kama anaweza kuitoa, na waliomjibu hawakumkataza. Akaitoa.

Kumbe alikuwa ameondoa karibu kila kitu kinachofanya ufunguo usikisike. Ikabaki namba ya mchakato tu, kama 32,768 hivi. Hizo laptop yako inazimaliza bila jasho! Luciano Bello ndiye aligundua, na tangazo likatoka Mei 2008. Funguo zilizotengenezwa Debian na Ubuntu zikabidi zitupwe, seva baada ya seva.

Kuna wenye husema watunzaji wakatazwe kugusa msimbo wa wenyewe. Zii. Toleo la Debian likishatoka, mashimo ya usalama huzibwa na hao hao watunzaji, ndani ya msimbo wa zamani. Ukiwafunga mikono, nani ataziba? Mimi ningeongeza "lazima" moja tu: ukigusa msimbo wa siri, mwenyewe asome badiliko lenyewe, si swali ulilomuuliza kulihusu.