Wingu Linaishia Wapi?

Karibu kila mtu mwenye simu amewahi kujaribu kupiga picha ya mwezi. Matokeo tunayajua: kidoa cheupe, waya wa stima na kona ya paa la jirani. Ukijaribu nyota ndio mbaya zaidi, unapata giza tupu. Halafu unaingia mtandaoni unakuta mtu wa kawaida tu, hana digrii ya fizikia, amepiga ule mkanda mweupe wa nyota unaokata anga, umetanda kama moshi wa jikoni. Unajiuliza, huyu alifanyaje?

Jibu fupi: alisubiri. Jibu refu lina zaidi ya miaka 140, na sehemu yake kubwa ilitokea kusini mwa bara hili letu. Ndani yake kuna fundi wa saa, mkewe, mpiga picha wa mtaani, na mawingu mengi sana.

Tuanze na fundi wa saa. David Gill alizaliwa mwaka 1843 huko Aberdeen, Scotland, akarithi biashara ya saa ya baba yake. Mchana alikuwa na wateja, usiku alikuwa na darubini. Kiswahili kina neno la watu wa aina hii: ridhaa. Kama ndondi za ridhaa au soka ya ridhaa, mtu hafanyi kwa sababu analipwa, anafanya kwa kuridhia mwenyewe. Mwaka 1869 Gill alipiga picha nzuri ya mwezi, na picha hiyo ikamfikia tajiri mmoja mpenda nyota, Lord Lindsay. Lindsay alikuwa anajenga kituo chake binafsi cha kutazama anga na alihitaji mtu wa kukisimamia. Mwaka 1872 Gill akaacha duka, pamoja na mapato yaliyokuwa yakimlipa vizuri kuliko kazi mpya. Ridhaa ikawa kazi.

Miaka mitano baadaye alikuwa katikati ya Bahari ya Atlantiki, kwenye kisiwa cha Ascension, na mkewe Isobel. Walikuja kupima umbali wa kutoka duniani hadi kwenye jua. Njia yenyewe unaweza kuijaribu sasa hivi: nyoosha kidole gumba mbele ya uso, funga jicho moja, kisha badilisha. Kidole kinaonekana kuruka. Ukijua umbali kati ya macho yako na ukubwa wa ule mruko, unaweza kupiga hesabu ya umbali wa kidole. Kidole cha Gill kilikuwa sayari ya Mirihi, ambayo mwaka 1877 ilisogea karibu sana na dunia. Macho yake mawili yalikuwa jioni na alfajiri, kwa sababu dunia ikijizungusha usiku kucha inakubeba maelfu ya kilomita. Umbali wa Mirihi ukiujua, wa jua unafuata kwa hesabu.

Tatizo unaliona. Lazima anga iwe safi jioni, na lazima iwe safi tena alfajiri. Ukikosa mojawapo una jicho moja tu.

Na anga haikuwa safi. Waliweka vifaa vyao karibu na kambi ya wanajeshi wa majini wa Uingereza, na usiku baada ya usiku wingu likaja likakaa juu yao. Mirihi haingesubiri. Isobel, ambaye baadaye aliandika kitabu kuhusu miezi ile, alianza kuuliza swali ambalo darubini haiwezi kuuliza: hili wingu linaishia wapi? Usiku akatoka kwenda kutafuta, kwa miguu, juu ya mawe makali ya volkeno yanayochana viatu. Kumbe wingu lilikuwa na mpaka. Upande wa kusini wa kisiwa nyota zilikuwa zinawaka kama kawaida.

Wakahama. Mahali pale wakapaita Mars Bay, na jina hilo bado liko kwenye ramani. Kutoka hapo Gill alipata umbali wa jua wa karibu kilomita milioni 150, na tofauti na hesabu ya leo haifiki hata asilimia moja. Vitabu vingi vinampa sifa Gill na heliomita yake, chombo cha kupima pembe angani, alichoazimwa na Lindsay. Lakini chombo hicho kilikuwa kinatazama tumbo la wingu hadi pale mtu alipotoka nje kulifuata.

Mwaka 1879 Gill aliteuliwa kuongoza kituo cha anga cha serikali ya Uingereza huko Cape Town. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1820, na nyuma yake kulikuwa na biashara na vita: meli zilihitaji saa sahihi na nyota zilizopimwa vizuri ili zisipotee baharini. Si ati watu wa huku hawakuwa wanazijua nyota zao. Wakulima wa pwani yetu walikuwa wakitazama Kilimia ili kujua msimu wa kulima, na jina lenyewe linakwambia kazi yake. Manahodha wa majahazi nao walikuwa na nyota zao za safari. Dola ilichotaka ni kitu kingine: orodha ya namba.

Kisha Septemba 1882 kometi kubwa ikatokea, ile watu huita nyota ya mkia. Iling'aa hadi ikaonekana mchana, kando ya jua. Wapiga picha wa Cape wakajaribu bahati yao kwa kamera za kawaida, na wakapata michirizi. Sababu ni kwamba dunia inazunguka, kwa hiyo ukiacha lenzi wazi kwa muda mrefu kila kitu angani kinahama. Gill akaona suluhisho ambalo fundi wa saa hangekosa kuliona. Darubini ya kituo ilikuwa na mtambo wa saa unaoizungusha taratibu kufuata nyota. Kwa nini kamera isipande juu yake?

Shida ni kwamba hakuwa na kamera ya kufaa. Akamwendea E. H. Allis, mpiga picha wa Mowbray, mtaa jirani. Allis alikuwa na lenzi ya kupigia watu picha, ile ya maharusi na watoto waliovalishwa vizuri. Wakaifunga juu ya darubini, wakaweka bamba la kioo kikavu. Hili lilikuwa jambo jipya: mabamba ya zamani yalipakwa dawa ya majimaji iliyokauka kwa dakika chache, lakini kioo kikavu kingeweza kukaa wazi hata saa nzima. Kati ya Oktoba na Novemba walipiga picha kadhaa, kuanzia nusu saa hadi zaidi ya saa mbili kila moja.

Kometi ilitoka vizuri, lakini nyuma yake kulikuwa na kitu kingine: nyota, nyingi mno, hata zile ambazo jicho haliwezi kuziona.

Hapo Gill akajua kwamba anga nzima inaweza kuchorwa kwa njia hii. Mwaka 1885 kazi ikaanza rasmi, na ufadhili ulipokatwa aliendelea kwa pesa za mfukoni. Mabamba yalisafirishwa hadi Groningen, Uholanzi, kwa profesa Jacobus Kapteyn, aliyekuwa amejitolea kuyapima. Kapteyn alikuwa mwalimu wa elimu ya anga asiye na darubini, katika nchi ya mawingu. Kwa miaka mingi alipima usiku wa Cape Town akiwa ndani ya chumba. Orodha iliyochapishwa kati ya 1896 na 1900 ina nyota 454,875.

Mbinu unayoiona mtandaoni leo ni ileile. Mtambo mdogo unafuata nyota, kamera inabaki wazi, na programu inapanga picha nyingi moja juu ya nyingine hadi mwanga hafifu ukusanyike. Hata simu zina hali ya usiku inayofanya toleo dogo la kazi hiyo. Bei imeshuka, lakini mawingu hayajapungua. Novemba 2013 watu walisafiri kutoka nchi nyingi hadi Turkana kutazama jua likipatwa, na dhoruba ya vumbi ikawafunika wengi wao dakika za mwisho.

Kwa hiyo Julai ikifika na Nairobi ikavaa lile blanketi la kijivu, usilaumu simu kwanza. Huko chini Magadi, kwenye Bonde la Ufa, mara nyingi anga iko wazi usiku huohuo. Gill alikuwa na chombo bora cha wakati wake na bado alikwama, hadi mtu aliyeambatana naye tu alipovaa viatu akaenda kuangalia. Isobel hakuwa na cheo chochote katika safari ile. Allis naye Gill alimtaja kwenye taarifa yake, lakini kwingi utasoma tu kwamba ni mpiga picha wa mtaani. Ukitazama ramani ya anga ya kusini, kumbuka kwamba sehemu ya kazi ile ilifanywa na hao.