Piano za kale zakosa wanunuzi, na pembe za kwetu zimo ndani

Mwaka 1909 viwanda vya Marekani vilitengeneza piano zaidi ya 360,000. Baadaye santuri na redio ziliingia sebuleni, na biashara haikurudi tena kileleni. Leo warithi wa piano zile wanatafuta mtu wa kuzichukua bure, na mara nyingi hapatikani. Piano ya wima ina fremu ya chuma na huweza kuzidi kilo 200, hivyo gharama ya kuihamisha hupita thamani yake. Vigingi vinavyokaza nyuzi vikilegea, haishiki sauti, na malipo ya fundi yanatosha kununua kinanda kipya cha umeme.

Hata wakusanyaji wamepungua. Makumbusho ya Finchcocks huko Kent, Uingereza, yalifungwa 2015, na mwaka uliofuata vinanda vyake vingi vikapigwa mnada.

Habari hii inatuhusu kwa sababu ya vitufe vyeupe. Vyote 52 vilivikwa pembe ya ndovu, na mafundi waliipenda zaidi ile laini iliyopitia Zanzibar. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliitoa Tabora na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Nyingine ililetwa na watu waliokuwa wenyewe wanapelekwa kuuzwa. Kutoka Bagamoyo ilivushwa kwa majahazi hadi Unguja, ikapimwa kwa frasila na kununuliwa na mawakala wa Kimarekani. Mwisho wa safari ulikuwa jimbo la Connecticut, katika vijiji jirani vya Deep River na Ivoryton. Huko kampuni mbili, Pratt, Read & Co. na Comstock, Cheney & Co., ziliipasua kuwa vibao vyembamba na kuvianika kwa wiki kadhaa ndani ya vibanda vya vioo, jua living'arishe. Mtoto aliyejifunza muziki Boston au London aligusa kila jioni mzigo uliobebwa kwa miguu kutoka bara.

Pembe iliyopandisha bei ya piano sasa inaishusha. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku 1989. Marekani ikakaza masharti 2016. Uingereza, tangu Juni 2022, ala ya kabla ya 1975 yenye pembe chini ya asilimia 20 lazima isajiliwe kwa ada kabla ya kuuzwa. Naziunga mkono sheria hizi bila kusita, maana ndovu waliobaki wana thamani kuliko soko lolote.

Zinazopata bei kubwa zina jina la mtu. Piano ya mwanamuziki Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, ilifikia pauni milioni 1.7 mnadani London mwaka 2023, ingawa ni Yamaha ya miaka ya 1970.

Nyingine zinavunjwa, na pembe zake hubanduliwa kuziba mapengo ya piano zinazokarabatiwa. Kabla hazijaisha, natamani safu moja kamili ya vitufe iletwe katika jumba la makumbusho la Caravan Serai, Bagamoyo, iwekwe pamoja na maelezo ya wapagazi walioibeba pembe hiyo.