Vazi Linalochakaa

Chai ya moto ikiachwa mezani hupoa. Hatujapata kuona chai iliyopoa ikijipasha moto yenyewe. Jambo hili la jikoni liliwashughulisha wataalamu wa karne ya 19.

Mwaka 1824 Mfaransa Sadi Carnot alionyesha kuwa injini ya mvuke hufanya kazi kwa sababu joto hutoka penye moto kwenda penye baridi. Mwaka 1865 Mjerumani Rudolf Clausius alikipa jina kipimo cha mwelekeo huo, entropi, akasema kuwa entropi ya ulimwengu huongezeka. Ludwig Boltzmann wa Vienna akaeleza sababu: njia za vitu kuvurugika ni nyingi mno kuliko njia za kupangika.

William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alikuwa Mkristo. Alipoitafakari sheria hii mwaka 1851, alikumbuka Maandiko yanayosema kuwa dunia itachakaa. Picha hiyo ya vazi kuukuu tunaikuta katika Isaya 51 na Zaburi ya 102. Miaka 100 baadaye, Papa Pius XII aliitaja entropi miongoni mwa dalili za kuwapo kwa Muumba. Lakini Georges Lemaître, padre na mwanasayansi wa Ubelgiji, hakupenda imani iegemezwe juu ya nadharia.

Tunadhani padre huyo aliona mbali. Carnot mwenyewe aliamini kuwa joto ni aina ya kimiminika. Wazo hilo lilianguka, ingawa kanuni yake ilibaki. Nadharia nazo haziachi kusogea. Mwaka 1995 Ted Jacobson alionyesha kuwa milinganyo ya Einstein ya mvutano inaweza kupatikana kutokana na sheria za joto na entropi. Mwaka 2010 Erik Verlinde alipendekeza kuwa mvutano wenyewe huzaliwa na entropi. Wapo sasa wanaouliza kama nafasi, wakati na maada vyote vimesimama juu yake. Hilo bado halijathibitishwa.

Likithibitishwa, tutamshukuru Mungu kwa kutujalia kuijua kazi yake zaidi. Likianguka, hatutapungukiwa kitu. Zaburi ya 102 ni maombi ya mtu aliyeonewa, ambaye siku zake zinatoweka kama moshi. Hakupewa maelezo ya kuchakaa kwa vazi. Alimshika yule anayelivua na kulibadilisha, naye yeye habadiliki. Nasi, tunapowazika wapendwa wetu, tunamshika huyo huyo.