Kubeti, Sehemu ya 3: "Nikiliwa Naweka Mara Mbili"

Mama mmoja kaniuliza: "Dada nesi, mume wangu akiliwa anaweka dau mara mbili. Anasema lazima irudi. Ni kweli?"

Mama zangu, ujanja huo ni wa kale. Ulaya waliuita martingale. Mwaka 1754, kule Venice, Casanova aliutumia kwenye kamari. Mwanzoni alishinda. Baadaye bahati ikageuka, hela ikaisha, hadi almasi za mpenzi wake zikauzwa.

Tarehe 18 Agosti 1913, Monte Carlo, ruleti iliangukia nyeusi mara 26 mfululizo. Watu wakazidi kumwaga hela kwenye nyekundu, eti sasa ni zamu yake. Mamilioni ya faranga yakapotea. Gurudumu halikumbuki lilipoangukia mwanzo, na mechi ya leo haijui kama jana mkeka wako ulichanika.

Tupige hesabu. Anza na 1,000 kwa odi ya 2. Ukiliwa mara 10 mfululizo, umeshatoa 1,023,000, na dau linalofuata ni 1,024,000. Yote hayo kufukuzia faida ya 1,000!

Almasi za Casanova, kwetu ni hela ya kujifungulia. Hiyo mama itunze wewe, mapema.