Fahamu: Kwa Nini Aloi za Alumini Huwa Ngumu Baada ya Kukandamizwa

Na Mwandishi Wetu, Lushoto

Milima ya Usambara Magharibi, likiwemo eneo la Magamba wilayani Lushoto, ina madini ya boksiti, ambayo ndiyo malighafi ya alumini. Hata hivyo, thamani ya madini hayo haipimwi kwa tani zinazochimbwa pekee, bali pia kwa ujuzi wa kuyageuza kuwa metali imara.

Kwa kawaida, tani 4 za boksiti hutoa takriban tani 2 za oksidi ya alumini, nazo hutoa tani 1 ya alumini. Hatua ya mwisho hutumia umeme wa takriban uniti 13,000 hadi 15,000 kwa tani. Alumini safi inayopatikana ni laini, hivyo huchanganywa na shaba, magnesi au zinki ili kupata aloi, au hukandamizwa.

Mwananchi anaweza kujionea matokeo ya kukandamiza kwa kukunja waya wa alumini: sehemu iliyokunjwa huwa ngumu kunyooka. Metali ni mkusanyiko wa punje ndogo zenye atomi zilizopangwa kwa safu. Safu hizo huteleza kupitia kasoro za mpangilio. Kasoro zikiongezeka, huzuiana.

Viwandani na maabara, aloi husukumwa mara kadhaa kupitia tundu lenye kona, au husokotwa chini ya shinikizo kubwa. Punje zake hupungua hadi chini ya elfu moja ya milimita, na mipaka yake huzuia mtelezo.

Ugumu unaweza kuongezeka hata baada ya hapo. Katika baadhi ya aloi, atomi za shaba au magnesi hujikusanya polepole na kuwa vizuizi vipya. Aidha, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionesha kuwa alumini yenye punje ndogo sana, ikipashwa joto la nyuzi 150 za Selsiasi kwa dakika 30, huongezeka ugumu badala ya kulainika. Joto likizidi, punje hukua na uimara hupotea.

Sheria za maliasili za mwaka 2017 zinasisitiza kuongeza thamani ya madini hapa nchini. Kwa Lushoto, yenye misitu na vyanzo vya maji, msisitizo huo una uzito wa pekee: boksiti ikishachimbwa hairudi, ilhali ujuzi wa kuichakata hubaki na kurithishwa.